Kabla ya kuniuliza kapsuli gani, chungulia bidoni, yaani dumu la maji (somo)

Kila wiki mama fulani ananiandikia: mtoto anaharisha, nimpe kapsuli gani? Nimechoka. Kuhara kwingi kwa watoto kunaletwa na virusi, na antibiotiki (dawa ya kuua bakteria, kama hizo kapsuli) haiui virusi. Inaua bakteria dhaifu tumboni, wale sugu wanabaki na uwanja wote. Tuanzie nyumbani.

1. Mikono. Sabuni ya kipande, sekunde 20: ukitoka chooni, ukishamsafisha mtoto, kabla ya kushika bugali.

2. Bidoni. Hapa nilikosea mimi. Nilikuwa natia javeli (dawa ya maji yenye klorini) kwenye maji ya ziwa na bado kitinda mimba wangu anaharisha. Siku moja nikapitisha kidole ndani ya mdomo wa bidoni: utelezi kama mgongo wa samaki. Bakteria wanajificha humo, na klorini inaishia kwenye utelezi kabla ya kuwafikia. Nikaiosha kwa changarawe za lava. Kosa la pili! Changarawe zetu hapa Goma zina makali. Zilikwaruza plastiki, na utelezi ukapata pa kushika. Bidoni ile sasa ni ya kufulia. Siku hizi natia punje za mahindi makavu, sabuni ya unga na maji kidogo, natikisa hadi mkono uchoke, nasuuza mara tatu. Kila wiki. ANGALIA: bidoni iliyobeba petroli haibebi maji ya kunywa, hata uioshe vipi.

3. Javeli. Chuja maji kwa kitambaa safi. Javeli ya 5% isiyo na manukato: matone 2 kwa lita, yaani 40 kwa lita 20. Maji yakiwa bado na ukungu, matone maradufu. Subiri nusu saa.

4. Mimina. Usichovye kikombe.

MASWALI

Papa Birere: Sina muda wa kusoma yote. Ampisilini au tetra (tetrasaiklini)?
— Muda wa kupanga foleni farmasi unao? Soma mistari minne ya kwanza.

Mama Pacha: Mimi nilimpa mbili tu, akapona.
— Angepona hata bila hizo, mama. Mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Ukiona damu kwenye choo chake, akilegea au akishindwa kunywa, kimbia kituo cha afya.

Dada wa Ndosho: Yaya, sijaelewa: mikono inahusiana nini na usugu wa dawa?
— Swali zuri sana. Bakteria wanapeana vipande vya DNA vyenye siri ya kushinda dawa, hata wa aina tofauti. Bakteria aliyekuwa sugu tumboni mwa mtoto wako anatoka na choo, anapanda mkono, anaingia sahani ya jirani ambaye hajawahi kumeza kapsuli hata moja. Sabuni inakata njia hiyo. Na si lazima ile inayojisifu kuua vijidudu: Marekani mwaka 2016 waliamua kuondoa triklosani, kemikali ya kuua vijidudu, kwenye sabuni za kunawia, maana watengenezaji hawakuonyesha kwamba inashinda sabuni ya kawaida.

Dada wa Ndosho: Aksanti! Na harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, mikononi?
— Ndimu. Ila ndimu au siki isikutane na javeli, inatoa gesi inayochoma mapafu. Sufuria nasugua kwa majivu.

Mama Pacha: Ya makala (mkaa)?
— Ya kuni. Chekecha kwanza.