Jinsi ya kuchagua kibanio cha kushonea ngozi kwa mkono

Ukishona ngozi kwa uzi mmoja wenye sindano kila ncha, mikono yote miwili inakuwa kazini. Kinachoshika ngozi ni kibanio, na kikiwa kibovu mshono unakwenda upande hata kama msharasi wako, chuma cha kutobolea ngozi, ni mkali na uzi umepakwa nta ya kutosha. Naandika haya baada ya kumsaidia kijana wa Mafinga anayeanza kutengeneza mikanda na ala za visu. Alikuwa amewekewa vibanio viwili, kimoja kimepigwa vanishi kinang'aa, kingine kimepigwa randa tu. Alishaanza kuhesabu pesa za kile kinachong'aa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, angalia mdomo kwanza." Tulichukua kile kingine.

Hatua ya 1: Jua utakaaje

Kuna kibanio cha kubana kati ya mapaja na kuna cha kukalia, ambacho taya zake, yaani mbao mbili zinazobana ngozi, zimesimama juu ya ubao unaowekwa chini ya paja. Anza na cha kukalia. Kile cha mapaja kinafaa zaidi mikoba mikubwa, na kinahitaji miguu iliyozoea. Jaribu ukiwa umekaa kwenye kiti unachofanyia kazi: mdomo wa kibanio, yaani juu pale taya zinapokutana, ufike kati ya kitovu na kifua. Mabega yakipanda, ni kirefu.

Hatua ya 2: Angalia mbao

Huku kwetu paini ya Sao Hill ndiyo rahisi kupatikana, nayo inatosha kwa ubao wa kukalia. Kwa taya siikubali, kwa sababu ni laini: inabonyea penye boliti. Mlingoti (mkaratusi) ni mgumu lakini hupinda na kupasuka unapokauka. Mimi nataka mninga. Ukishakauka hautikisiki sana, na vipande vinavyobaki kwa maseremala wa samani vinatosha kabisa taya mbili. Nyuzi za mbao zipande kutoka chini hadi mdomoni bila kukatiza, na pasiwe na kifundo sehemu nyembamba.

Hatua ya 3: Pima mdomo

Hapa usiwe na haraka. Kila kitu kingine kinaweza kurekebishwa nyumbani, lakini mdomo mbaya mara nyingi unamaanisha kuchonga taya upya.

Legeza nati, kisha sogeza taya kwa vidole mpaka zigusane. Zinatakiwa kugusana juu kabisa, mdomoni, huku chini yake pakiwa na upenyo mdogo. Boliti iko chini ya mdomo. Ukiikaza, taya zinavutwa hapo chini na kupinda kidogo, na sehemu inayogusana inapanuka kushuka. Taya zilizonyooka bapa tangu mwanzo zikikazwa hubana chini na kuachia juu. Ngozi inashikwa mbali na mshono, na kila ukivuta uzi inacheza. Hapo ndipo matundu yanapoanza kupanda na kushuka.

Sasa kaza kiasi na inua kibanio kuelekea mwanga wa mlango. Usione mwanga kwenye mstari wa mdomo. Halafu kata vipande vitatu vya karatasi ya daftari, kimoja kushoto, kimoja katikati, kimoja kulia, kaza tena, uvute kimoja kimoja. Vyote viwe vigumu kutoka kwa kiasi kilekile. Kikichomoka cha pembeni kimoja, taya imejipinda, usiinunue. Kikichomoka cha katikati tu, mdomo una shimo dogo ambalo msasa uliofungwa kwenye kibao kilichonyooka unaweza kulimaliza. Lakini fanya kipimo hiki kabla ya kubandika ngozi ya ndani ya taya, au ukiwa umeibandua, kwa sababu ngozi laini huficha kasoro.

Ngozi hiyo ya ndani nayo ina mambo yake. Iwe laini, isiyotiwa rangi. Ngozi unayoishona, ikiwa imetengenezwa kwa magome, kama ya miwati inayopandwa Njombe, hushika alama upesi, na ikiwa na unyevu huchukua rangi ya kitu inachogusana nacho. Ibandikwe kwa gundi ya viatu, kamwe si kwa misumari.

Angalia pia mabega ya mdomo upande wa nje. Yawe yamechongwa kwa mteremko. Mdomo mnene wenye kona unazuia ngumi yako kufika karibu, na msharasi unaingia kwa kulala badala ya kunyooka.

Tena, mbao hucheza na hali ya hewa. Kibanio kilichochongwa Tukuyu wakati wa mvua kinaweza kubadilika kikikaa Iringa hadi Agosti, kwenye ukavu na upepo. Rudia kipimo cha karatasi kiangazi kikikolea.

Hatua ya 4: Boliti

Boliti moja nene yenye washa pande zote na nati ya kushika kwa mkono. Kati ya taya pawe na springi ya kuzifungua zenyewe. Umbali kutoka mdomoni hadi kwenye boliti ndio kina cha kazi utakayoingiza, kwa hiyo upime kwa mkanda au pochi yako pana kuliko zote. Vibanio vya kukaza kwa mpira wa tairi sivipendi, maana mpira huchoka. Jiliwa ya fundi chuma iache kwake. Meno yake yataacha alama zisizofutika.

Hatua ya 5: Shona hapohapo

Nenda na vipande viwili vya ngozi, sindano, uzi na msharasi. Weka mstari wa mshono kama nusu sentimita juu ya mdomo, ushone pindo fupi, ukivuta kwa nguvu kama unavyovuta siku zote. Ngozi ikishuka au kuinama, kaza zaidi mara moja. Ikiendelea, rudisha kibanio. Muuzaji akikukatalia kujaribu, mpelekee seremala unayemwamini vipande vya mninga pamoja na maelezo ya hatua ya 3, na usimame naye anapochonga mdomo.