Maharage, mahindi na choroko: kuonyesha kwa nini jua halimalizi hewa ukaa ya Mirihi

Angahewa ya Mirihi ni hewa ukaa kwa takribani asilimia 95, na jua huivunja kila siku. Hata hivyo kaboni monoksaidi iliyomo haifiki, kwa wastani, asilimia 0.1. Darasani fumbo hili hufunguliwa kwa vitu vya soko la Mwanjelwa, Mbeya.

Chukua ungo mpana, maharage 20 (kaboni), punje 41 za mahindi (oksijeni) na choroko moja (haidrojeni). Panga mafungu 20, kila moja harage na punje mbili: hiyo ndiyo hewa ukaa. Punje iliyobaki na choroko viweke kando.

Raundi ya kwanza, kila zamu anayecheza jua hung'oa punje moja kwenye fungu zima; harage na punje inayobaki ndiyo kaboni monoksaidi. Punje pweke mbili zikikutana hushikana kuwa jozi, oksijeni ya kawaida. Marufuku kurudisha punje kwenye fungu lililovunjwa. Wanafunzi watabisha, na wana haki. Kurudiana kunawezekana, ila kwa taabu: lazima molekuli ya tatu iwepo ipokee nishati, na mpangilio wa elektroni nao unakwamisha. Oksijeni kwa oksijeni huungana upesi zaidi. Usiruke maelezo haya, la sivyo umecheza bao tu.

Simama baada ya zamu ya nne: mafungu 16 mazima, 4 yaliyovunjwa, jozi 2. Ungeendelea hadi zamu ya 20, hewa ukaa ingekwisha.

Sasa, ukianzia hapo kwenye zamu ya nne, ingiza ile punje ya kando iliyoshikana na choroko. Ni haidroksili, kipande cha mvuke wa maji uliopasuliwa na jua hilohilo. Kila zamu jua livunje fungu moja. Haidroksili itoe punje yake kwa fungu lililovunjwa. Choroko idandie jozi. Kisha ihamie kwa ile punje pweke, jozi ibaki kama ilivyokuwa. Haidroksili imezaliwa upya. Cheza hata zamu 50, yaliyovunjwa ni 4 na choroko ni ileile: kichocheo. Wanasayansi McElroy na Donahue waliueleza mzunguko huu mwaka 1972.

Ukiingiza haidroksili kabla ya jozi kuwepo, choroko hukosa pa kudandia na mchezo hukwama.

Na jua la Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, mbona halivunji hewa ukaa? Miale inayovunja hewa ukaa ni ya urujuanimno, chini ya nanomita 200 hivi. Oksijeni na ozoni huizuia juu sana. Haifiki hata kilele cha Mlima Rungwe.