Mwalimu Ashike Kipanya Kwanza

Nilishawahi kukaa semina ya kompyuta siku nzima bila kugusa kompyuta. Projekta, chai na mahamri, jioni cheti. Jumatatu ukisimama darasani unaogopa hata kuiwasha, basi unamwita mvulana mjanja akuwashie. Wasichana wanaona, na wanadhani kompyuta ni ya wavulana.

Kwa hivyo ninapofunza walimu hapa Kisauni, Mombasa, hotuba huja baadaye. Saa mbili na nusu asubuhi kila mwalimu ana kipanya mkononi. Ninaweka Scratch mapema, programu ya kuwafunza watoto kupanga amri za kompyuta. Haihitaji intaneti ikishawekwa, na ina Kiswahili. Wengi huanza na yule paka wa Scratch anayetembea. Mimi naanza na ua la hina.

Mwalimu achore petali moja, kikonyo chake kikae katikati kabisa ya sehemu ya kuchorea, la sivyo petali zitarundikana. Aongeze vipande vya amri za kalamu, kisha avipange: piga muhuri, geuka nyuzi 30, rudia mara 12. Kumi na mbili kwa thelathini ni 360, ua linafunga. Msichana aliyepakwa piko, ile rangi nyeusi ya mapambo ya mikono, usiku wa kuamkia Idi analijua ua hilo kabla hujafungua mdomo.

Mwalimu mmoja aliandika 20 badala ya 30, mbele ya darasa lake. Msichana wa Gredi ya 6 akamwambia, "Mwalimu, ua lako limeliwa na mbuzi!" Mwalimu huyo, maskini, tulikuwa tumemfanyisha mazoezi ya hilo. Hakukasirika, hakufuta. Akauliza, "Mbuzi amekula kiasi gani?" Wakahesabu: 12 kwa 20 ni 240, limebaki pengo la 120, thuluthi nzima. Msichana akaja kurekebisha mwenyewe. Nenda ukafanye mazoezi ya swali hilo na walimu wako, kwa sauti, hadi lisiwakwame kooni.

Kuhusu kukaa: ukiwa na kompyuta 8 na watoto 50, kipanya kihame kila dakika tano, kwa kengele ya simu. Usikubali msichana awe karani wa daftari tu. Mwalimu mwenzio akae nyuma akipiga alama: nani ameitwa, nani ameshika. Ukizisoma alama zako utabisha, kila mtu hubisha. Na mtoto akikwama, mikono yako mgongoni, usimnyang'anye kipanya.

Stima ikipotea, tokeni uani na chaki. Msichana mmoja atoe amri, mwenzake ageuke nyuzi 30 akichora.