Kunguni mdogo wa mbegu za bamia: kumtambua na kumwandika Lubumbashi

Mtafute mvua zinapokatika, kuanzia Aprili, wakati maganda ya bamia yaliyoachwa kwa ajili ya mbegu yanakauka na kupasuka. Chakula chake ni mbegu, kwa hiyo kupekua maganda mabichi ya kupeleka sokoni ni kupoteza asubuhi. Angalia pia jamaa za bamia: pamba, ngaingai (rosela) iliyozeeka, hibiski za uani.

Usikate ganda kwanza. Livike mfuko wa plastiki unaoonyesha, kaza mdomo wa mfuko, ndipo ukate kikonyo. Ukitanguliza kisu, wakubwa hutawanyika na unabaki na watoto peke yao, ambao hawatoshi kumjulisha. Lipasue ganda humo humo mfukoni.

Mkubwa ana milimita 4 hadi 5. Kichwa na kidari ni cheusi ti. Mabawa ni meupe yanayopitisha mwanga, kama kipande cha nailoni kilichobandikwa mgongoni. Tunutu, yaani mtoto wake asiye na mabawa kamili, ana tumbo la waridi au jekundu, na hapo ndipo wengi hupotea: wakiona wekundu juu ya pamba huandika Dysdercus, kunguni mwekundu wa pamba. Chukua lenzi ya mara 10 utazame utosi wa mkubwa. Huyu wetu ana vijicho viwili vidogo kati ya macho makubwa; Dysdercus hana, tena huvuka milimita 10. Ukimpata wa kijivu-kahawia juu ya kishonanguo, huenda ni Nysius, kunguni mwingine mdogo wa mbegu. Harufu kali ukimminya si ushahidi, kunguni wengi hunuka.

Jina linalotarajiwa ni Oxycarenus hyalinipennis. Lakini Afrika ina Oxycarenus wengine wanaofanana naye sana, na picha ya simu haiwatenganishi. Andika “Oxycarenus sp.” (yaani spishi haijajulikana) mpaka mtaalamu achunguze viungo vya uzazi vya dume. Jina fupi lililo sahihi lina faida kuliko refu la kubahatisha.

Kwa hiyo hifadhi wakubwa kama 10, ili madume yasikosekane, ndani ya alkoholi ya asilimia 70. Ya famasia mara nyingi ni ya 90: pima mililita 70, ongeza maji hadi ifike 90. Karatasi ya maelezo iwe ndani ya chupa, imeandikwa kwa penseli. Wino wa biki huyeyuka, na baada ya mwezi unabaki na mdudu asiye na kwao.

Karatasi hiyo ibebe nchi, mji na mtaa, tarehe, mmea, aliyekusanya, na vipimo vya mahali (latitudo na longitudo). Hapa kosa ni moja, nalo hurudiwa kila mara: Lubumbashi iko kusini ya ikweta, karibu na -11.66, 27.48. Ukisahau alama ya kutoa, kunguni wako anahamia Sudan. Vipimo visomwe shambani, si nyumbani jioni unapopiga picha mezani. Picha iliyopitia WhatsApp kwa kawaida hupoteza mahali ilipopigwa, basi tunza ile ya asili.

Andika pia idadi, wakubwa mbali na tunutu. Tunutu juu ya ganda wanaonyesha kwamba anazaliana kwenye mmea huo. Mkubwa mmoja juu ya jani la mwembe huenda amejificha tu kungoja kiangazi kiishe.