Kuanza mbio za droni: zoeza vidole kabla ya kununua droni

Mtu akiniambia anataka kuingia kwenye mbio za droni za kuvaa miwani, zile ambazo rubani anaona kile kile inachokiona kamera ya droni, namwambia anunue rimoti peke yake. Droni isubiri. Tafuta rimoti ya ExpressLRS, mfumo wa redio unaounganisha rimoti na droni, inayochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kisha weka programu ya kuigiza urushaji kama Liftoff au VelociDrone. Humo utaanguka utakavyo bila kuvunja propela hata moja, na rimoti hiyo hiyo ndiyo utakayorushia droni halisi.

Ukishaifungua programu, chagua hali ya urushaji iitwayo akro tangu siku ya kwanza. Katika hali hii droni haijinyooshi yenyewe: ukiilaza, inabaki imelala mpaka uinyanyue. Wengi huanzia kwenye hali ya kujisawazisha kwa kuwa ni rahisi, vidole vikazoea kuachia kijiti kila kona, na tabia hiyo haitoki kirahisi. Nakusihi usipitie njia hiyo.

Kwa mpangilio wanaoutumia wengi, kijiti cha kushoto kinaongeza moto, yaani nguvu ya mota, na kugeuza pua. Cha kulia kinainamisha mbele, nyuma na pembeni. Kazi kubwa iko kwenye moto. Mtazame anayeanza akiingia kona: droni imelala, anaingiwa na hofu, anaondoa moto wote, droni inazama. Anashtuka, anaujaza, droni inaruka juu ya geti, ile fremu ambayo droni inatakiwa kupita ndani yake. Dawa yake ni geti moja tu. Lipite, geuka, lirudie, huku kidole cha moto kikisogea kidogo kidogo bila kukatika. Macho nayo yatangulie: kabla hujatoka kwenye geti hili, uwe umeshalitafuta linalofuata. Kamera iinue digrii 20 hivi. Droni inakwenda mbele kwa kuinama, kwa hiyo kamera iliyoinuliwa sana inakulazimisha ukimbie ndipo uone njia, na mwanzoni hutaki kulazimishwa.

Ukiweza kuzunguka uwanja mzima wa programu bila kugusa kitu, nunua droni ndogo ya ndani, ile ya milimita 65 kutoka mota hadi mota, yenye kingo kuzunguka propela na betri ya seli moja. Ni nyepesi mno, ikigonga ukuta unaiokota na kuendelea. Droni ya mbio ya propela za inchi 5, yenye betri ya seli 6, inapita kilomita 100 kwa saa na inaweza kukata kidole. Hiyo ina wakati wake.

Kwenye miwani, angalia kwanza kama inaelewana na droni yako. Miwani ya mfumo wa picha wa analogi ni nafuu, picha yake ina chenga lakini inafika haraka. Dijitali ni safi na ghali, na mifumo ya DJI, HDZero na Walksnail haiingiliani, kwa hiyo chagua mmoja ubaki nao.

Betri za lipo (lithiamu-polima), zile za droni, zipe heshima. Seli ya kawaida ikijaa ni volti 4.2, tua kabla haijashuka chini ya 3.5, na kama hutarusha leo wala kesho, iache kwenye 3.8. Iliyovimba usiichaji tena. Chaji juu ya kitu kisichoshika moto, nawe uwepo. Unapochomeka betri ukiwa mezani kwa matengenezo, ng'oa propela zote kwanza, na hakikisha antena ya video imefungwa, maana kirusha picha kisicho na antena kinaweza kuungua.

Soma sheria za anga za mahali ulipo. Nyingi zinataka mtu asiyevaa miwani asimame kando yako akiiangalia droni kwa macho, na hata zisipotaka, mweke.

Halafu nenda ukaruke na wenzako. Ukifika uwanjani, usichomeke betri yoyote kabla ya kuuliza nani yuko angani na picha yake inarushwa kwenye chaneli gani. Kirusha picha chako kikiwaka kwenye chaneli ya mwenzako, miwani yake inajaa chenga akiwa katikati ya kona kwa kasi yote. Uliza kwa sauti, pewa chaneli yako, subiri walioko angani watue, ndipo uchomeke.