Kabla Hujatoka na Tiara Dodoma

Mvua za Dodoma zikishakata, kwenye mwezi wa tano hivi, upepo unashika zamu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba unavuma karibu kila siku. Mabati yanalia, vumbi linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi, na watoto wanaanza kukuomba magazeti ya zamani. Ni msimu wa tiara. Siku hizi si watoto peke yao. Watumishi waliohamia huku kutoka Dar es Salaam, waliozoea kwenda Coco Beach kila Jumapili, wamegundua kwamba bahari hatuna lakini upepo tunao, tena wa bure. Jioni unamkuta baba mzima amesimama kwenye kiwanja kitupu, kopo la uzi mkononi, mdomo wazi, shingo imekunjwa anatazama juu.

Huko kutazama juu ndiko kunakonifanya niandike haya. Soma kwanza, utoke baadaye.

Upepo wenyewe upime kabla ya kitu kingine. Ufukweni unatoka baharini bila kugonga kitu njiani, kwa hiyo unakuja laini, nguvu ileile kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Huku tuko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na ardhi imebaki wazi. Jua likiichoma, hewa ya chini inapata moto na kupanda, ndiyo maana mchana upepo wetu unakuja kwa mapigo: unasukuma, unakata, unasukuma tena. Kati ya saa sita na saa tisa ndipo visulisuli vinapotembea. Kisulisuli kikipita kwenye tiara kinavunja njiti na kukunyang'anya uzi, kwa hiyo ukikiona kinakuja, shusha. Muda mzuri ni saa kumi alasiri na kuendelea, joto linapopungua. Kama huna kifaa cha kupimia, tazama bendera ya ofisi ya mtaa. Ikiwa imenyooka na majani ya mti yanachezacheza mfululizo, hiyo ni kama kilomita 12 hadi 19 kwa saa, nzuri kabisa. Vumbi na karatasi zikianza kupaa, mwachie mtu mzima. Mti mdogo mzima ukiyumba, rudi nyumbani, usibishane nao.

Usisimame nyuma ya kilima cha mawe kama Mlimwa, wala nyuma ya ghorofa. Upepo ukishavuka pale unajizungushazungusha, na tiara itapiga mbizi mpaka uichoke.

Tiara yenyewe hainitii wasiwasi. Bua kavu la mtama au uwele, lililopasuliwa vizuri, ni jepesi na baada ya mavuno halinunuliwi. Gazeti, gundi ya uji wa ngano, mkia wa kanga kuukuu. Ikizunguka ovyo, ongeza mkia; ikikataa kupanda, punguza. Zamani tulitumia mifuko ya plastiki, lakini ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na sioni sababu ya kumtuma mtoto akaichokore jalalani.

Uzi ni habari nyingine. Tumia wa pamba, au ule wa kushonea magunia. Mshipi wa kuvulia samaki ni imara na haununuliwi ghali, na hapo ndipo ubaya wake ulipo: haukatiki wenyewe, unakata vidole. Usiuzungushe mkononi hata kidogo, uzungushie kopo au kijiti. Usirushe kuvuka barabara, kwa sababu tiara ikianguka, uzi unabaki umekatiza njia kwenye usawa wa shingo ya bodaboda, na dereva hauoni mpaka umfikie. Nchini India, ambako watu hushindana kukatana nyuzi hewani, uzi wa nailoni wa mchezo huo ulipigwa marufuku nchi nzima mwaka 2017 kwa sababu ya watu na ndege uliokuwa unawaumiza na kuwaua. Sisi hatujafika huko, tusifike.

Umeme kila mtu anaujua, na bado kila msimu unaona tiara zinaning'inia kwenye nyaya. Zile nyaya za juu kabisa kwenye nguzo za mitaani mara nyingi zina msongo wa kilovolti 11 au 33, na uzi uliolowa jasho au umande unapitisha umeme. Tiara ikinasa, achia. Usivute, usipande, usitafute mti wa kuchokonolea. Kama waya umelegea au umekatika, wasogeze watu na uwapigie TANESCO. Tangu treni za umeme za reli mpya ya SGR zianze kufika Dodoma mwaka 2024, tuna waya mwingine wa kuogopa: ule ulio juu ya reli una kilovolti 25. Watoto wanalipenda tuta la reli kwa sababu limeinuka na upepo wake ni safi. Ule uzio haukuwekwa kwa ajili ya mbuzi peke yao.

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko mjini, ndege zinapita chini juu ya nyumba za watu. Usirushe tiara kwenye njia yake, wala upande wa Msalato, kwenye uwanja mpya wa ndege. Hili halina mjadala.

Ngurumo ya kwanza, shusha. Mwaka 1752 Benjamin Franklin alirusha tiara akiutafuta umeme wa radi, wewe huutafuti.

Sasa tuje kwenye ardhi, ambayo orodha nyingi za tahadhari haziitaji kabisa.

Anayerusha tiara anaupa upepo mgongo. Dodoma upepo wa kiangazi unatoka zaidi mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo tiara inakwenda magharibi na wewe unaitazama huko. Ikilegea, dawa yake kila mtu anaijua: unavuta uzi huku unarudi kinyumenyume. Maana yake unatembea kuelekea mashariki, macho yako magharibi, tena juu. Ufukweni unaweza kufanya hivyo jioni nzima usikanyage kitu zaidi ya mwani na mtoto wa mtu aliyejifukia mchangani. Huku unatembea kinyumenyume ndani ya viwanja vya watu. Tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mbuga zote za pembeni ya mji zimepimwa. Kiwanja hiki kina msingi, kile kina tofali zimepangwa, kingine kina nyumba iliyoishia kwenye linta miaka nenda rudi. Na karibu kila mwenye kiwanja alianza na kitu kimoja: shimo la choo.

Mtoto wa dada yangu alikuja kwetu likizo ya mwezi wa sita. Tunakaa pembezoni, upande wa Nzuguni. Kijana mwenyewe ni mtaratibu, wala si wale wa kukimbia hovyo. Alikuwa na tiara aliyoitengeneza siku nzima, ya pembe sita, mkia wa vipande vya kitenge, na uzi ameuzungushia kopo la maziwa ya unga. Wakaenda na wenzake kwenye viwanja vilivyo nyuma ya nyumba, mahali ambapo watoto wote wa mtaa wanacheza. Tiara ikapanda vizuri sana. Ikawa ndogo kabisa kule juu, na wenzake wote, kama unavyoweza kudhani, walikuwa wanaitazama tiara. Hakuna aliyekuwa anamtazama yeye.

Kilichowashtua ni tiara. Ilianza kuyumba, ikalala ubavu, ikawa inashuka polepole kama haina mwenyewe. Wakageuka kumcheka, mtu hayupo. Walidhani amejificha. Mdogo wao mmoja ndiye aliyeliona lile kopo, limekwama kwenye nyasi kavu, linazunguka kidogo kila upepo ukivuta uzi. Hatua moja kutoka pale palikuwa na shimo, kina cha kumpita mtu mzima mara mbili, halina mfuniko, halina uzio, halina hata tawi la mwiba. Nyasi za masika zilikuwa zimeota kwenye kingo zake na kulalia ndani. Hata mimi niliyefika kwa kukimbia nikitazama chini nililiona nikiwa nimeshalifikia.

Alikuwa hai na anaongea. Hapo ndipo watu wazima tulipotaka kuharibu. Jirani mmoja alileta kamba ya ng'ombe, anataka tumfunge kifuani tumvute. Kwa bahati fundi mmoja aliyekuwa anajenga nyumba ya tatu kutoka pale alitukataza kwa ukali: "Mtamvunja zaidi. Leteni ngazi." Ngazi yao ilikuwa ya mirunda, imepigiliwa misumari. Akashuka yeye, akamkuta amevunjika mguu chini ya goti, akaufunga kati ya vipande viwili vya mbao kwa kanga mbili, ndipo tukampandisha mgongoni mwake taratibu. Akafungwa hogo, likizo yote akaimalizia kwenye mkeka. Mwenye kiwanja tulimpata kwa simu kupitia mwenyekiti wa mtaa. Swali lake la kwanza lilikuwa mtoto alifuata nini kwenye kiwanja chake. La pili halikuwepo. Shimo alilifunika baada ya mwenyekiti kumwandikia barua, kwa mabati mawili yaliyotoboka, na upepo huuhuu ninaousifia hapa uliyaondoa moja baada ya lingine.

Kwa hiyo kwetu tiara haipandi kabla ya kukagua. Unakwenda mapema, jua likiwa bado kali na kivuli cha nyasi hakidanganyi, unatembea eneo lote mguu kwa mguu ukiwa na fimbo. Anza upande upepo unakotokea, kwa sababu ndiko mtu atakakorudi kinyumenyume. Papasa nyasi ndefu. Shimo la choo, kisima kilichoachwa, machimbo ya mchanga, korongo lililokatwa na maji ya masika, bikoni ya zege ya mpaka wa kiwanja iliyochomoza kiasi cha kukukwaa kisigino. Penye shida chomeka mti mrefu na ufunge kitambaa chekundu juu yake. Ukikuta shimo moja, usijipe moyo kwamba liko peke yake, maana mafundi wakikuta mwamba huwa wanaliacha na kuchimba lingine palepale jirani.

Jambo la pili, na hili usinikatalie: kila tiara iwe na watu wawili. Mmoja anatazama juu, mwingine anatazama chini na kumshika shati mwenzake anaporudi nyuma. Wa chini haruhusiwi kuitazama tiara hata iwe nzuri namna gani. Watoto watanung'unika kwamba zamu ya chini inachosha. Wabadilishane. Mtu mzima anayekwenda peke yake asimame sehemu moja avute uzi kwa mikono bila kuhamisha miguu. Tiara ikigoma, aishushe.

Kama unaweza kupata uwanja wa mpira wa shule, omba ruhusa utumie huo. Ardhi yake inajulikana, hatari yake kubwa ni goli. Na kama umekwenda Mtera kwa sababu umekumbuka ufukwe, weka umbali mkubwa kati yako na maji, kwa sababu bwawa lile lina mamba na viboko na wewe unatembea kinyumenyume. Nisieleze zaidi.

Yaliyobaki ni madogo. Jioni tiara iko magharibi na jua liko magharibi, kwa hiyo vaa kofia yenye ukingo na miwani ya jua, na jua likishuka kabisa usawa wa tiara, pumzika. Viatu vya kufunika vidole, maana mbigiri za Dodoma zinapita kwenye kandambili bila kubisha hodi. Maji ya kunywa, na mengine ya kunawa macho vumbi likiingia, usifikiche. Simu iwe na chaji na salio. Mwambie mtu wa nyumbani mko upande gani. Mbwa wa kwenye nyumba zinazolindwa hawapendi mkia wa tiara. Tiara ikinasa kwenye mbuyu, iage. Shina la mbuyu halina pa kushika, na mgunga nao una miiba. Ikiangukia kwenye shamba la zabibu, usiingie mbio, zile nyaya za kushikilia mizabibu ziko usawa wa kifua na giza likiingia hazionekani. Muombe mwenye shamba.

Ukimaliza, kusanya uzi wote, hata ule uliokatika na kujiviringa kwenye nyasi. Kesho asubuhi mifugo itapita hapo, na uzi wa nailoni ukimezwa na mbuzi unasokota tumbo, ukimzunguka mguu unakata mpaka ndani. Mchungaji hatahangaika kuuliza ni wa nani. Tiara yenu aliiona jana yake jioni nzima.