Seti msingi kwa hesabu, sio kwa macho: 3-4-5, zege na tofali

Nyumba ya kwanza niliyoseti mwenyewe, yaani kupima na kuweka alama za msingi kwenye kiwanja, niliiseti kwa macho. Nilikuwa nimetoka kuwa saidia fundi, nikajiona nimeiva, nikachukua uzi na mambo (vile vigingi vya kuchimbia ardhini) nikapiga kona nne nikasimama mbali nikaangalia nikasema safi. Miezi kadhaa baadae fundi taili kaingia sebuleni, kaanza mlangoni na taili nzima nzima, kufika ukuta wa nyuma anakata vipande vya mshazari kama mkate wa chai, upande mmoja vinene upande mwingine vyembamba. Mwenye nyumba alinipigia simu sitaki hata kukumbuka aliniambiaje. Toka siku hiyo sisogei bila tepu na kalamu, na hesabu zenyewe ni zile zile za kidato cha pili ulizokuwa unazikimbia.

Mfano wetu leo ni nyumba ya mita 12 kwa 9.

HATUA YA 1: kupiga skwea (kona ya nyuzi 90)

Piga uzi wa mbele kwanza, ule unaofuata barabara au mpaka wa kiwanja. Chagua kona ya kuanzia, chimbia mambo, gonga msumari juu yake, hapo ndo sifuri yako. Kutoka kwenye msumari pima mita 4 kwenye uzi weka alama. Sasa funga uzi wa pili kwenye msumari huo huo uende nyuma, pima mita 3 weka alama. Mwambie kijana ashike mwisho wa uzi wa pili awe anausogeza taratibu kushoto kulia huku we unapima kati ya alama na alama, ikisoma mita 5 kamili mwambie simama, hapo kona imekaa nyuzi 90. Kwa nini? 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumlisha 25, na 25 ni 5 mara 5. Ni Pythagoras huyo huyo, ingawa Wababeli walishazijua namba za hivi zaidi ya miaka 1,000 kabla yake.

Kitu ambacho mafundi wengi hawasemi: pembetatu ndogo inadanganya. Ukikosea sentimita 2 kwenye alama ya mita 4, ukiurefusha ule uzi hadi mita 12 kosa linakuwa sentimita 6, na taili zitakuumbua. Kama kiwanja kinaruhusu tumia 6-8-10, au kwa nyumba hii yetu tumia kubwa kabisa, 9-12-15, maana ni 3-4-5 mara 3 na inaishia kwenye kona zako zenyewe. Tepu iwe ya chuma na ivutwe ikaze, ikilegea katikati imekuongopea.

HATUA YA 2: hakiki kona kwa kona

Pima kona kwa kona, yaani mshazari toka kona moja hadi ya mkabala, pande zote mbili, kwa nyumba yetu zote zisome mita 15. Ila usikimbilie kufurahi. Kuna jamaa aliniambia kona kwa kona zimelingana basi skwea iko poa, nikapima mbele 12, nyuma 11.90. Umbo ambalo nyuma limebana kidogo sawasawa pande zote linaweza kutoa kona kwa kona zinazolingana kabisa na bado sio mstatili. Kwa hiyo kwanza hakikisha mbele na nyuma ni sawa, kushoto na kulia ni sawa, ndo upime kona kwa kona. Na usichanganye futi na mita, futi 10 sio mita 3, ni mita 3 na sentimita 5, hizo 5 zikijirudia vyumba vinne umepoteza sentimita 20.

Usawa wa juu na chini tumia mpira wa maji tu, ule mrija mrefu uliojazwa maji, uwe unaonyesha ndani na usiwe na mapovu, maji hayahongeki.

HATUA YA 3: zege la msingi

Hapa ndo pesa zinapotelea. Kuta za nje zina mzunguko wa 12+9+12+9, mita 42. Tuseme za ndani ni mita 20, jumla 62. Mtaro upana 0.6, zege unene 0.15. Zidisha: 62 × 0.6 × 0.15 = 5.58, hizo ni mita za ujazo.

Ratio ni 1:2:4, simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, jumla mafungu 7. Material makavu ukiyachanganya yanapungua, mchanga unazama kwenye nafasi za kokoto, kwa hiyo kupata ujazo mmoja (mita moja ya ujazo) wa zege unahitaji kama 1.54 ya makavu. Gawa 1.54 kwa 7 unapata 0.22, hiyo ndo simenti. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama 0.035, yaani lita 35, so 0.22 gawa kwa 0.035 ni mifuko 6.3 kwa kila ujazo mmoja. Mara 5.58 unapata 35 na kidogo, nunua 36. Mchanga kama ujazo 2.5, kokoto kama 5.

Site hakuna anayepima lita kwa hiyo geuza iwe ndoo. Ndoo ya lita 20: kwa mfuko mmoja mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7. Mimi nakataa kuhesabu kwa beleshi, beleshi la asubuhi linajaa, la saa nane mchana jua linawaka ni nusu.

HATUA YA 4: tofali

Tofali la inchi 6 uso wake ni kama sentimita 45 kwa 22.5, kwa hiyo mita moja ya mraba inakula tofali 10. Kuta mita 62 kwa kimo cha 3 ni 186. Toa milango 7 ya 0.9 kwa 2.1, toa madirisha 8 ya 1.5 kwa 1.2, jumla ya kutoa ni kama 27.6. Zinabaki 158.4, mara 10 ni tofali 1,584. Ongeza asilimia 5 za kuvunjika, 1,663.

Sasa muuza tofali akikwambia mfuko mmoja anatoa tofali 60 piga hesabu hapo hapo mbele yake. Tofali moja 0.45 × 0.15 × 0.225 ni kama 0.015, mara 60 ni 0.9, gawa kwa 0.035 ya mfuko, unapata karibu 26. Yaani simenti moja imetandazwa kwenye mafungu 26 ya tofali. Hilo ukiliangusha toka kiunoni linarudi kuwa mchanga. Akitoa 30 ni mafungu 13, hapo tunaongea.

Lori likifika usihesabu moja moja wala usisaini karatasi ya dereva kwanza. Vijana wakishusha wapange urefu 20, kimo 5, safu moja ni 100. Safu 16 na tofali 63 za pembeni, mzigo umetimia, mruhusu aondoke.